Nafasi ya Jina la Baba

Mwanangu Tekla,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na mimi leo nimefunga meza mapema nipate saa moja ya kukaa na kalamu. Barua hii nitaiweka katikati ya daftari lako la juu. Ukiikuta njiani usiisome. Ngoja ufike Mwanza, ule, uoge, ulale, ndipo uisome.

Mambo ya chandarua, na ya kutomwachia mtu mzigo wako stendi ya Makambako, na ya kutokopesha sufuria, nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kuyamalizia wewe kabla sijafika mwisho. Sitayarudia.

Nina jambo jingine. Juzi Bahati wa jirani alipokuwa anakusuka pale barazani, mimi nilikuwa ndani nakunja mashati. Nilikusikia ukimwambia, "Mimi mwaka mzima niliupoteza kwa mdomo wangu mwenyewe." Bahati akacheka, na wewe ukacheka. Nilishika shati moja mkononi kwa muda mrefu. Nilitaka kutoka nikusahihishe, nikaona aibu mbele ya mtoto wa watu, nikabaki ndani. Ndiyo sababu naandika. Mwaka ule hukuupoteza wewe, niliupoteza mimi. Na kuna sehemu ya habari hiyo ambayo sijawahi kukuambia.

Unakumbuka fomu ile ilivyokuja. Matokeo ya kidato cha sita yalikuwa yametoka, daraja la pili, na chuo kilikuwa kimekujibu kwamba nafasi ipo. Lakini chuo cha binafsi, na ada yake ilikuwa imechapwa kwenye barua ileile ya kukupongeza. Zamani sisi tulizoea kwamba mtoto akifaulu serikali inambeba. Siku hizi wanaita kuchangia. Mimi nilikuwa nimeshapunguzwa kazi tangu ulipokuwa kidato cha pili, na meza ya mitumba pale Majengo ilitosha chakula na sabuni, basi. Ndipo tukasikia habari za ule mfuko wa wafadhili, kwamba kamati yao ya hapa mjini inagawa fomu kwa watoto waliofaulu na wazazi hawana uwezo.

Ulijaza sehemu yako kwa mwandiko wako mzuri. Sehemu ya mzazi ukaniachia mimi, ukasema, "Mama, wewe ndiye mtaalamu wa fomu." Na kweli. Miaka kumi na minne nilikuwa mpiga chapa. Nimepiga fomu za watu wa kila namna, za pensheni, za uhamisho, za mirathi. Najua fomu inavyofikiri. Nikaisoma yote mara moja, nikaona mahali itakapotukwamisha.

Jina la baba. Kazi ya baba. Kipato cha baba. Sahihi ya baba. Na chini yake, kwa herufi ndogo: kama baba ni marehemu, mama aweke sahihi.

Baba yako alikuwa amekwenda Tunduru ulipokuwa na miaka saba, kwa kazi ya mbao ya miezi mitatu. Miezi mitatu ikawa miaka kumi na miwili. Nilijua yuko Mbesa, nilijua ana karakana, nilijua ana mke. Wewe ulijua hayo pia, maana Songea hakuna siri ya namna hiyo. Kumfuata na fomu mkononi, nisimame mlangoni kwa mke wake niombe sahihi, hilo nililiona kubwa kuliko ada yenyewe.

Nilimweleza Mama Zuhura, yule tuliyepakana naye meza, mtu wa Tanga. Hakufikiri hata kidogo. "Andika marehemu, dada. Yatima hawakosi. Nani atakwenda Mbesa kufukua?"

Nilicheka. Lakini kesho yake nilikwenda kwenye kile kibanda cha mwenzangu tuliyepunguzwa kazi pamoja, nikaomba mashine yake ya chapa dakika kumi, nikaingiza fomu. Nilipofika kwenye nafasi ya jina la baba, nikapiga MAREHEMU kwa herufi kubwa. Herufi nane. Sitakudanganya kwamba nilisita. Sikusita. Nilijisikia vizuri, Tekla, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilijiambia nafanya kwa ajili yako. Kumbe nilikuwa namzika mtu niliyetamani kumzika siku nyingi, na wewe ulikuwa kisingizio.

Sikukuonyesha. Niliifunga kwenye bahasha nikaipeleka mwenyewe. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mgeni, hakumjua baba yako wala habari zetu, akagonga muhuri.

Siku ya usaili tuliitwa mzazi na mtoto. Unakumbuka ule ukumbi wenye madirisha ya juu, na wale watatu nyuma ya meza: mama mmoja mnene, kijana mwenye kalamu nyekundu, na yule mzee mwalimu mstaafu aliyekuwa mwenyekiti wao. Uliwaamkia vizuri. Walikuuliza kuhusu masomo, ukajibu mpaka mimi mwenyewe nikashangaa. Walikuwa wamekupenda. Nilikaa vizuri kwenye kiti. Halafu mzee akageuza ukurasa.

"Pole sana kwa kuondokewa na baba, binti. Alifariki lini?"

Ulimtazama yeye, ukaitazama ile karatasi mikononi mwake, ukanigeukia mimi. Hukunitazama kwa ukali. Ulinitazama kama mtu anayeuliza. Mimi nikatazama chini.

"Samahani, mwalimu," ukasema. "Baba yangu yuko hai. Yuko Mbesa, ni fundi seremala."

Yule kijana akaacha kuandika. Mzee akavua miwani. "Mama?"

Ningeweza kusema nimekosea. Ningeweza hata kusema ni mashine. Nikasema, "Kwangu mimi alishakufa."

"Mama," akasema mzee, taratibu tu, "fomu haikuuliza kwako."

Tulitoka. Tuliteremka mpaka Majengo, na mbele ya duka la mashine za kusaga nikashindwa kujizuia. Nilikuambia umejichinja kwa ulimi wako. Nilikuambia basi kaa hapa ubebe mabelo ya mitumba na mimi mpaka uzeeke, maana huyo baba yako unayempenda sana ndiye atakayekulipia. Watu walikuwa wanapita. Hukulia. Uliniambia, "Mama, ningesema amekufa. Je, siku akifa kweli, ningesema nini?"

Kwa kuwa sikuwa na jibu, nikanyamaza siku nne, kana kwamba wewe ndiye uliyekosa. Chuo kikampa nafasi yako mtu mwingine. Ukaanza kufundisha watoto masomo ya ziada jioni, na asubuhi unanisaidia mezani, ukiita wateja kwa sauti ile ya aibu. Kila ulipoita, "Karibu dada, karibu mama, shati safi," nilijua mahali ulipotakiwa kuwa saa hiyo. Lakini sikusema. Nilikuacha uamini unavyoamini. Mama Zuhura alikuwa akisema, "Mtoto wako mkweli mno," na mimi nilikuwa naitikia kwa kichwa, kana kwamba ni ugonjwa uliozaliwa nao.

Sasa sehemu usiyoijua.

Ulipokuwa darasa la saba, dereva mmoja wa lori la mahindi alisimamisha gari mbele ya nyumba. Wewe ulikuwa shule. Akasema ametumwa kutoka Mbesa. "Mwenzangu anaomba, likizo ikifika, mtoto aende akamwone. Nauli anatoa yeye, na mimi mwenyewe nitampeleka na kumrudisha." Alikuwa mtu mzima, mwenye heshima. Nilimwambia, "Mwambie hapa hakuna mtoto wake." Akaniuliza mara mbili kama ndivyo nitakavyo akaseme. Nikasema ndivyo.

Mwaka uliofuata alipita tena, na ujumbe uleule. Nikamjibu vilevile. Hakupita tena.

Na wewe, Tekla, wakati ule ulikuwa na tabia ya kuuliza. Hasa sikukuu. "Mama, baba huwa ananiulizia?" Mimi nikakujibu, "Hajawahi hata mara moja." Nilisema hivyo nikikuna nazi, bila hata kuinua uso. Baadaye ukaacha kuuliza, nami nikaona nimeshinda.

Kwa hiyo siku ile kwenye ukumbi ulimtetea mtu ambaye, kwa ulivyojua, hakuwahi kukuulizia. Ulisema yuko hai kwa sababu tu ni kweli. Mimi niliyejua zaidi yako nikainamisha kichwa.

Mwaka ulipozunguka, yule mzee wa kamati alinikuta mezani kwangu. Alikuja kununua koti, au alisingizia koti, sijui. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akajaribu koti moja, akalirudisha. Kisha akasema, "Fomu mpya zimefika. Binti anaruhusiwa kuomba tena. Safari hii kila sehemu ijazwe na mwenyewe." Akaondoka bila koti.

Siku ya tatu nikapanda lori. Wewe nilikuambia naenda kutafuta mzigo. Tulilala Tunduru kwa sababu ya tope, na kesho yake mchana nikashuka Mbesa. Nilimuuliza mtoto mmoja njiani kwa jina la Osmundi seremala, akatikisa kichwa. Nikasema mtu wa Songea, mrefu, kidole kimoja kimekatwa na msumeno. "Aa, Mzee Athumani!" akasema. Ndivyo nilivyojua kwamba amesilimu.

Mke wake alikuwa anapepeta mchele uani. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, ya kujibu atakayonitupia. Aliweka ungo chini, akapangusa mikono, akasema, "Karibu dada. Tunakujua." Akaniletea maji ya kunywa, akaniletea na ya kunawa, akatandika mkeka. Maneno yangu yote yakakosa kazi.

Baba yako alitoka karakana na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Amekonda. Tulisalimiana kama watu wa msibani. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mtoto mzima?"

"Mzima. Amemaliza kidato cha sita."

Alikaa kwenye kigogo. "Anajua kwamba nilimwita?"

Nilikuwa nimekwenda kuomba sahihi. Ingekuwa rahisi kusema anajua, alikataa mwenyewe. Nilikuwa na uongo huo tayari mdomoni, Tekla. Lakini nilikumbuka ulivyoniangalia kule ukumbini.

"Hajui," nikasema. "Sikumwambia."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga, ningepata pa kushika. Alitazama mikono yake tu. Nikamweleza nimefuata sahihi yake kwenye fomu ya ufadhili, akaniomba hiyo karatasi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kusema kweli nikaona nimalize. Nikamwambia hii ni ya pili, ya kwanza ilikataliwa kwa sababu niliandika amekufa.

Mke wake akasema, "Astaghfirullah," akashika mdomo.

Baba yako akauliza, "Nilizikwa wapi?"

Sikuelewa.

"Nauliza kaburi. Ulinizika Songea au hukuhuku?"

Ndipo nikaona anacheka. Alicheka mpaka akatoa machozi, mke wake akawa anamkemea, na mimi nikacheka huku nalia, na sijui mpaka leo machozi yale yalikuwa ya nini hasa. Baba yako alitukosea, Tekla. Alituacha, na hilo silifuti kwa sababu ya kicheko kimoja. Yeye mwenyewe aliniambia siku ile, bila kuulizwa, kwamba mwaka wa kwanza aliona aibu kurudi mikono mitupu, na mwaka wa pili aliona aibu ya mwaka wa kwanza, na hivyo hivyo. Nilimwelewa zaidi ya nilivyotaka. Mimi pia najua aibu inavyozaa.

Tulijaza fomu juu ya benchi lake la kazi. Kwenye jina aliandika Osmundi, polepole, akasema, "Jina hili sijaliandika siku nyingi. Lakini ndilo lililo kwenye cheti chake cha kuzaliwa." Kazi, seremala. Kipato, akaandika kweli, na kweli yenyewe ilikuwa ndogo. Tukafika mahali pa mchango wa mzazi. Akaandika kwamba atatoa nauli ya kwenda na kurudi kila likizo.

Nikamshika mkono. Nikamwambia fomu nazijua, ukionyesha una kitu wanakupunguzia, acha wazi.

Akautoa mkono wangu. "Mara ya kwanza uliniandika sipo kabisa," akasema. "Mara hii unataka nionekane nipo lakini sina maana. Acha niandike ninachoweza."

Nikamwacha akaandika.

Yaliyofuata unayajua. Yule mzee alipokuona tena mlangoni akawaambia wenzake, "Huyu ndiye binti aliyemfufua baba yake," na yule mama mnene akacheka mpaka meza ikatikisika. Hawakutupa vyote. Ada yote wamelipa, chakula nusu, na nauli wakatuachia sisi kwa kuwa tulisema tunayo. Kwa hiyo nilikuwa sahihi kuhusu fomu, na baba yako alikuwa sahihi pia. Hela yake ya nauli ilifika kwa mkono wa dereva wa lori wiki iliyopita, imefungwa kwenye kitambaa, imetimia.

Na Pasaka ulikwenda Mbesa wiki mbili. Nilikusindikiza mpaka kwenye gari, nikarudi mezani nikauza vibaya siku zote hizo. Uliporudi hukusema mengi. Ulisema wadogo zako wawili wa kule wanapenda hesabu, na kwamba mama yao anapika wali wa nazi vizuri. Sikuuliza zaidi. Sijui kama baba yako alikuambia habari za dereva wa mahindi. Kama hakukuambia, ameniachia mimi niseme, na sasa nimesema. Kama alikuambia, na wewe ukarudi ukaniamkia kila asubuhi kama kawaida, ukanisaidia kufungua belo, ukanichekesha, basi ulinistahi kuliko nilivyostahili, na nakushukuru.

Sikuombi unijibu haraka. Kama utakasirika, kasirika. Una haki ya miaka sita ya likizo. Kitu kimoja tu nakuomba usifanye: usiendelee kuwaambia watu kwamba mdomo wako ulikupotezea mwaka. Utaanza kuuogopa, na mdomo ule nauonea fahari. Mimi ndiye niliyepiga lile neno. Mtu akikuuliza kwa nini umechelewa chuo mwaka mmoja, sema mama yako alikosea kujaza fomu. Ni kweli, na ni fupi.

Nilidhani, kwa kuwa nilikulea peke yangu, basi wewe ni wangu peke yangu. Watu wengi wanaolea peke yao hufikiri hivyo, na hawana nia mbaya. Unamkinga mtoto na mtu aliyekuumiza wewe, kumbe mtoto hakuwa na ugomvi naye. Ukipata watoto labda utayaona haya kwa namna yako, na labda utakosea kwingine ambako mimi sikukosea. Utakapokosea, usingoje mpaka usiku wa kuamkia safari kama mimi.

Nasikia sauti zenu kule njiani, mnaimba bado. Nitaacha hapa niwashe jiko.

Ukifika chuoni watakupa fomu nyingine. Najua, hakuna mahali wanapokupokea bila fomu. Zitakuwa na nafasi ya baba na nafasi ya mama, nawe utaandika kama yalivyo, sina shaka. Lakini mara nyingi huwa kuna mstari mmoja mwisho: mtu wa kujulishwa ukiugua. Wakiweka mistari miwili, tuandike wote. Wakiweka mmoja tu, niandike mimi. Hapo sina hoja ya ukweli wala ya haki. Ni wivu tu wa mama, na mstari mmoja naomba unipe.

Mama yako